Kuchonga, kuchanja na kuachia asidi: maneno ya kazi ya nakshi

Mteja anapoingia karakanani kwangu hapa Iringa mjini, mara nyingi hutamka neno moja tu: "Nichongee." Huenda ameshika kikombe cha mashindano, pete ya ndoa, kipande cha mninga au picha ya jiwe la kaburi kwenye simu, nami hulazimika kumuuliza maswali kadhaa kabla ya kugusa chombo chochote, kwa sababu neno hilo limebeba kazi zisizofanana. Leo ningependa kuzitenganisha.

Swali la kwanza ni hili: kitu kitakachoonekana ni kile kilichobaki juu, au ni kile kilichochimbwa? Fundi wa milango ya Zanzibar huondoa mbao pembeni ili ua lisimame, na muhuri wa mpira wa ofisini hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo, kwani wino hukaa kwenye sehemu iliyoinuka. Katika chapa ya mifuo, yaani ile inayotoka kwenye mistari iliyochimbwa katika bamba la metali, mambo hugeuka. Wino hupakwa bamba zima, kisha uso hufutwa hadi ung'ae, na unaobaki ndani ya mifuo ndio unaohamia kwenye karatasi iliyoloweshwa, bamba na karatasi vinapopitishwa pamoja kati ya roli mbili zenye mgandamizo mkubwa. Pitisha kidole gumba juu ya noti mpya ya shilingi elfu kumi, nawe utahisi mkwaruzo wa wino ulioinuka. Umetoka ndani ya mifuo ya bamba.

Mfuo wenyewe hupatikana kwa njia mbalimbali, na kwangu mimi kuchanja kwa burini ndiko mama wa zote. Burini ni kijiti cha feleji chenye ncha iliyokatwa mshazari na mpini mfupi wa mviringo unaokaa katikati ya kiganja. Haivutwi kama kalamu, bali husukumwa mbele, huku bamba la shaba nyekundu likiwa juu ya mfuko wa ngozi uliojazwa mchanga. Ukitaka mstari upinde, mkono wenye burini hutulia na mkono mwingine ndio unaozungusha bamba. Ukiinua mpini kidogo ncha huzama na mstari hunenepa, ukiushusha mstari hukonda hadi kutoweka, na uzi mwembamba wa shaba hujikunja mbele ya ncha. Albrecht Dürer wa Ujerumani alichanja hivyo bamba la *Melencolia I* mwaka 1514, na mtu anayetazama chapa yake kwa lenzi ataona kwamba kivuli chote kimejengwa kwa mistari inayopishana na vidoto vidogo, bila wino uliopakwa kwa brashi mahali popote. Inachukua miaka kuufundisha mkono utulivu huo, nami bado naufundisha wangu.

Ukitumia sindano badala ya burini, tofauti ni ile anayoijua kila mkulima wa huku. Burini huchimba mfereji na kuutoa udongo. Sindano hupasua tu na kulaza tuta pembeni. Tuta hilo la shaba hushika wino, na mstari hutoka mlaini kama mahameli, lakini mgandamizo wa roli hulibonyeza haraka, kwa hiyo chapa nzuri huwa chache.

Njia ya asidi haihitaji nguvu ya mkono. Bamba hupakwa tabaka jembamba la nta iliyochanganywa na lami na ulimbo, mchoraji huchora kwa sindano akiikwangua nta tu, kisha bamba hutumbukizwa katika asidi au feriki kloridi, nayo hula shaba pale ilipoachwa wazi. Kadiri inavyokaa ndivyo mfuo unavyozidi kina. Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, alipenda njia hii, na mara nyingi aliongeza juu yake mistari ya sindano kavu, yaani ile ya kupasua bila asidi. Kwa kivuli kisicho na mistari, unga wa ulimbo hunyunyizwa juu ya bamba na kuyeyushwa kidogo, asidi ikapenya kati ya chembe. Ulimbo huo hutokana na utomvu wa misonobari baada ya kukamuliwa tapentaini.

Hata hivyo, msonobari wa Mufindi wenyewe haufai kuchanjwa mistari myembamba: ni laini, na pete zake hupishana ugumu. Wachanjaji wa mbao, kama Thomas Bewick wa Uingereza katika karne ya 18, walitumia mti mgumu sana, nao walichanja uso wa kigogo kilichokatwa kwa kukingama, si ubao uliopasuliwa kwa urefu, ili nyuzi zisiiteke burini.

Nimalizie na jiwe, kwa kuwa hapo ndipo nilipokosea. Mama mmoja aliniletea jiwe la kaburi la mumewe, granaiti ya kijivu iliyofifia, akasema, "Mwanangu, nichongee vizuri." Nililipeleka kwenye leza bila kumweleza lolote. Leza haichimbi granaiti kwa kina. Huvunjavunja uso uliosuguliwa ukawa mweupe, jambo linaloonekana vizuri kwenye jiwe jeusi, na kwenye jiwe lake herufi zilikuwa hafifu tangu siku ya kwanza. Nilijaza rangi nyeusi, na mvua za masika mawili zikaiondoa. Nililirudia jiwe bila malipo, kwa tindo na nyundo, kila herufi ikiwa na mfuo wenye kuta mbili zinazokutana chini kwa pembe kali. Sikutia rangi tena. Jua linapopiga kwa ubavu, ukuta mmoja wa mfuo huwa na kivuli na wa pili hung'aa, na jina husomeka ukiwa umesimama barabarani.