Kuaminika kwa kamera za fomati ya kati: maana yake hasa

Ukisikia kamera fulani inasifiwa kuwa ni ya kuaminika, kinachokujia kwanza ni ugumu wake: inagongwa, inarushiwa maji, inaingia vumbi, na bado inapiga picha. Kwa kamera za kidijitali za fomati ya kati, maana hiyo ni finyu mno. Kamera ya aina hii inaweza kuwa nzima, haina hata mkwaruzo, na bado ikakupa siku nzima ya picha ambazo hakuna hata moja iliyo kali pale ulipotaka. Nyingine itaganda katikati ya kazi kwa sababu ya waya wa kompyuta, ilhali yenyewe haina kosa. Kwa hiyo anayeuliza kama kamera hizi zinaaminika anauliza maswali mawili kwa pamoja. Je, itawaka na kufanya kazi kila ninapoihitaji? Na je, itanipa ule ubora nilioulipia, picha baada ya picha? Swali la pili ndilo gumu, na ndilo linalosahaulika dukani.

Kwanza chombo chenyewe. Fomati ya kati ilianzia kwenye filamu ya 120, ambayo Kodak iliitoa mwaka 1901. Upana wake ni takriban milimita 60, na picha zake zilikuwa za sentimita 6 kwa 4.5, 6 kwa 6, 6 kwa 7 na kadhalika. Siku hizi kamera yoyote yenye sensa (kipande cha ndani kinachopokea mwanga badala ya filamu) kubwa kuliko fulu fremu, yaani zaidi ya milimita 36 kwa 24, huwekwa kwenye kundi hili. Sensa zilizoenea ni za saizi mbili. Ndogo ni ya milimita 44 kwa 33 hivi, iliyomo kwenye Fujifilm GFX, Hasselblad za mfululizo wa X, na Pentax 645Z. Kubwa ni ya milimita 53.4 kwa 40, iliyomo kwenye Phase One IQ4 na Hasselblad H6D-100c. Ukipiga hesabu ya eneo, hiyo ndogo ni kama mara 1.7 ya fulu fremu, na hiyo kubwa ni kama mara 2.5. Hakuna hata moja inayofikia ukubwa wa picha ya filamu ya 6 kwa 6, jambo ambalo matangazo huwa hayana haraka ya kulitaja.

Sasa, kwa nini kamera hizi zilipata sifa ya kudeka?

Sababu kubwa ni kwamba kwa miaka mingi hazikuwa kamera moja. Zilikuwa vipande. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni kama Leaf, kisha Phase One ya Denmark iliyoanzishwa mwaka 1993, zilitengeneza migongo ya kidijitali: kisanduku chenye sensa kinachopachikwa nyuma ya kamera, pale palipokuwa pakikaa filamu. Bodi, yaani mwili wa kamera, ilitoka Hasselblad, Mamiya au Contax, mgongo ukatoka kwa mtengenezaji mwingine, na programu ya kompyuta pengine kwa wa tatu. Kila mahali vipande viwili vinapokutana pana mambo matatu yanayoweza kwenda kombo: umeme, mawasiliano na vipimo.

Tuchukue umeme na mawasiliano. Ukiubandua mgongo na kuutazama kwa karibu, utaona safu ya vitufe vidogo vya rangi ya dhahabu, vingine si vikubwa kuliko kichwa cha pini. Kupitia hapo bodi inauambia mgongo kwamba shata, yaani mlango wa kuruhusu mwanga, inafunguka sasa, jiandae. Alama ya kidole chenye jasho, au uchafu kidogo, vinatosha kuukatisha ujumbe huo. Kamera inakuonyesha ujumbe wa hitilafu, unaizima, unaiwasha, inafanya kazi, na baada ya picha chache inagoma tena. Wengi hukimbilia kwa fundi kabla hata ya kupangusa vitufe hivyo kwa kitambaa kikavu kisicho na nyuzi. Kwenye kamera za kiufundi zisizo na umeme wowote mambo yalikuwa magumu zaidi: baadhi ya migongo ilibidi iamshwe kwa waya muda mfupi kabla ya shata ya lenzi kufunguka. Ukipitwa na huo muda, picha inatoka na rangi za ajabu ajabu, au giza tupu. Hapo kamera haijaharibika. Umeikosea mwendo wake tu.

Vipimo ndivyo vilivyowatesa watu kimyakimya. Kwenye kamera yenye kioo cha ndani kinachoakisi mwanga wa lenzi, jicho lako na fokasi ya otomatiki (kamera kujilengea ukali yenyewe) hutegemea njia moja ya mwanga, na sensa inategemea njia nyingine. Njia hizo mbili zinapaswa kuwa na urefu uleule. Kwa lenzi iliyofunguliwa hadi f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa), mgongo uliokaa nje ya nafasi yake kwa milimita 0.02 au 0.03 unatosha kulainisha picha ya sensa yenye pikseli ndogo. Filamu ilikuwa inasamehe kosa la namna hiyo, kwa sababu yenyewe haikuwa ikilala bapa kabisa na hakuna aliyekuwa akiikuza kiasi hiki. Sensa haisamehi. Ndiyo maana bodi moja na mgongo mmoja vilivyopimwa pamoja vilikuwa vinafanya kazi vizuri, na mgongo uleule ukihamishiwa bodi nyingine unaanza kukosa macho na kushika masikio.

Mabadiliko yalianza mwaka 2014, sensa za CMOS za megapikseli 50 zilipoingia kwenye Phase One IQ250, Hasselblad H5D-50c na Pentax 645Z. Kabla ya hapo nyingi zilikuwa za CCD, aina ya zamani ya sensa: rangi nzuri sana kwenye ISO (kipimo cha wepesi wa sensa kwa mwanga) ya 50 au 100, lakini ukipandisha ISO picha inajaa chenga, na skrini ya nyuma ilikuwa haifai kukagulia fokasi. Mwaka 2016 Hasselblad ikatoa X1D, kamera ya kwanza ya kidijitali ya fomati ya kati isiyo na kioo cha ndani, na mwaka uliofuata Fujifilm ikaleta GFX 50S. Kwenye kamera hizi fokasi hupimwa kwenye sensa yenyewe. Hakuna njia mbili za mwanga za kulinganisha, hakuna mgongo wa kubandua, betri ni moja. Kwa maoni yangu hilo limeongeza kuaminika kuliko megapikseli zote zilizofuata, ingawa halikutangazwa kwa mbwembwe hizo.

Lakini tatizo halikuisha. Limehama kutoka kwenye viungo likaja mkononi mwa mpigapicha.

Sensa ya megapikseli 100 ya milimita 44 kwa 33 ina pikseli zenye upana wa maikromita 3.76, sawa na pikseli 266 hivi katika kila milimita moja. Mkono ukitikisa taswira kwa sehemu ya mia ya milimita, tayari umevuka pikseli mbili. Ile kanuni ya zamani ya kupiga kwa kasi inayolingana na urefu wa lenzi, yaani 1/80 ya sekunde kwa lenzi ya milimita 80, hapa haikutoshi kama unataka kuukuza kila undani. Anza na mara mbili au tatu ya kasi hiyo. Kitulizaji cha mtikisiko kilichomo kwenye bodi, kama cha GFX 100 ya mwaka 2019 au Hasselblad X2D ya mwaka 2022, kinasaidia sana mkono unapotetemeka, lakini hakiwezi kumzuia mtu aliye mbele yako asiyumbe.

Fokasi nayo ni ya milimita. Lenzi ya milimita 110 iliyofunguliwa f/2, mtu akiwa umbali wa mita moja na nusu, inakupa eneo kali lisilozidi milimita chache ukipima kwa jicho la pikseli. Kwa hiyo ile tabia ya kushika fokasi katikati kisha kusogeza kamera kupanga picha upya ni kujitafutia balaa: ukigeuza kamera kidogo, fokasi imetoka kwenye mboni imehamia kwenye nyusi, na kwenye skrini ndogo ya kamera hutaliona hilo. Utaliona nyumbani. Weka nukta ya fokasi juu ya jicho lenyewe, piga, kisha kuza picha hadi asilimia 100 kabla mtu hajaondoka kwenye kiti.

Wengine wakiona hivyo hufunga tundu la lenzi hadi f/16 au f/22 ili kila kitu kiwe kali. Hapo wanakutana na tabia ya mwanga wenyewe. Kwenye f/16 nukta moja ya mwanga hutawanyika hadi upana wa maikromita 21 hivi, inafunika zaidi ya pikseli tano. Picha nzima inalainika, na umelipia megapikseli 100 ambazo hazikufikii. Kwa mandhari, f/8 hadi f/11 ndiyo sehemu salama. Ukihitaji zaidi ya hapo, piga picha kadhaa zenye fokasi tofauti uziunganishe kwenye kompyuta.

Tripodi haimalizi kila kitu. Kioo kikubwa kikiruka na shata ikifunguka, bodi nzima hutetemeka kwa muda mfupi, na kasi za kati ya 1/4 na 1/60 ndizo zinazoumia zaidi. Phase One walilichukulia jambo hili kwa uzito hadi wakaweka kwenye kamera ya XF kipimo cha mtetemo, ili shata isubiri kamera itulie. Ukitumia shata ya kielektroniki mtetemo unaondoka, lakini sensa kubwa husomwa mstari kwa mstari, taratibu. Kinachosogea kinapinda, na chini ya taa nyingi za LED unapata michirizi. Kwa jengo au sahani ya chakula haina shida. Kwa mchezaji ngoma, usijaribu.

Kuhusu shata, kuna tofauti moja inayogusa moja kwa moja suala la kutegemea kamera kazini. Fujifilm GFX zenye lenzi za kubadilisha zina shata ya pazia ndani ya bodi, na kwenye GFX 50S flashi inakubaliana nayo hadi 1/125 tu. Hasselblad za X zina shata ndani ya kila lenzi, na flashi inakubali kasi zote hadi 1/2000, kwa lenzi mpya hadi 1/4000. Wengi huishia kwenye habari ya flashi. Mimi naangalia pia kinachotokea shata ikifa. Iliyo ndani ya bodi ikifa, kamera nzima imelala hata kama una lenzi sita mkobani. Iliyo ndani ya lenzi ikifa, unabadilisha lenzi unaendelea. Upande wa pili, kila lenzi unayonunua ina mashine nyingine ya kuchakaa na ya kutengenezwa, na gharama yake si ndogo.

Halafu kuna faili. Pikseli milioni 102 zikihifadhiwa kwa biti 16 bila kubanwa ni takriban megabaiti 200 kwa picha moja ghafi. Picha 500 zinagusa gigabaiti 100. Kadi ya polepole inafanya kamera ionekane imeganda, kumbe bado inaandika. Usiitoe betri wakati huo. Studio ambako kamera imeunganishwa na kompyuta, kiungo dhaifu kuliko vyote ni waya. Waya mrefu wa bei rahisi, au kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake, hukata mawasiliano na lawama zote zikaangukia kamera. Funga waya kwenye tripodi ili mtu akiukanyaga usivute tundu la kamera, kwa sababu tundu lililolegea ni safari ya karakana.

Kwenye hali ya hewa sitakawia. Baridi hupunguza nguvu ya betri za lithiamu, basi ya akiba ikae mfukoni karibu na mwili. Ukitoka kwenye baridi kuingia kwenye joto, iache kamera ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto la chumba, la sivyo unyevu utatanda kwenye lenzi. Pentax 645Z na Leica S zilitengenezwa na vizibo dhidi ya vumbi na maji. Migongo ya kupachika iliyo mingi haikuwa hivyo, na kila ukiibandua unaikaribisha vumbi kwenye sensa.

Mwenye kufikiria kununua mgongo wa zamani kwa sababu bei yake imeshuka ajue anaingia wapi. Mingi iliunganishwa kwa FireWire, tundu ambalo kompyuta mpya hazina. Betri zake zimezeeka. Kabla ya kutoa pesa, piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16 uone vumbi na mistari. Piga nyingine huku kifuniko cha lenzi kimefungwa kwa sekunde kadhaa, uone nukta zinazong'aa. Piga maandishi madogo kwa tundu lililo wazi kabisa, kwa fokasi ya otomatiki na kwa mkono, ulinganishe. Ubandue na kuupachika mgongo mara kadhaa huku ukipiga, uone kama unaamka kila mara. Mwisho mwulize mtengenezaji, si muuzaji, kama bado anaupokea kwa matengenezo na kama vipuri vipo.