Je, wajua ni kwa nini asidi huweza kuziba ufa ambao ilitumwa kuupanua?

Kwangua kipande cha jiwe la chokaa la Koru, mashariki mwa Kisumu, kisha ukidondoshee maji ya limau. Vipovu vitatokea. Jiwe jeusi la Menengai, Nakuru, halitafanya lolote. Povu lile ni kaboni dayoksaidi, na hutoka kwa sababu jiwe la Koru lina kalsaiti, madini yanayoliwa na asidi. La Menengai ni la volkeno, limejaa silika, na silika haijali limau.

Mwamba tope, ule unaohifadhi gesi na mafuta kule Marekani, uko katikati: una udongo wa mfinyanzi, kwatzi, kalsaiti, pairaiti na mabaki ya viumbe. Wachimbaji huupasua kwa maji yenye shinikizo kubwa, na mara nyingi hutanguliza asidi ya haidrokloriki ya asilimia 15. Lita moja ya asidi hiyo humaliza takribani gramu 220 za kalsaiti, kwa hiyo ungetarajia nyufa zizidi kupanuka tu.

Shida ni kwamba kalsaiti mara nyingi ndiyo inayozishika chembe za mfinyanzi pamoja. Ikiondoka, ukuta wa ufa hubaki na tabaka laini lenye matundu matundu, na uzito wa miamba ya kilomita mbili au tatu juu yake hulibana. Vinundu vilivyokuwa vikitenganisha kuta mbili vikiyeyuka, ufa hufumba. Chembe zilizolegea nazo husombwa na kukwama penye wembamba.

Halafu kuna chuma, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Pairaiti ni chuma na salfa. Ikikutana na oksijeni iliyoingia na maji, chuma huachiliwa. Asidi ikiwa kali, chuma hicho hubaki kimeyeyuka. Kalsaiti ikishaipunguza makali hadi pH, kipimo cha ukali wa asidi, ipite takribani 3, chuma hugeuka kutu na kuganda ndani ya ufa. Salfeti nayo hukutana na bariamu iliyotoka kwenye tope la kuchorongea, ikazaa bariti, ambayo asidi ya kawaida haiiyeyushi. Dawa ya chuma ni kuchanganya asidi ya sitriki, ileile ya limau, ili ikishikilie kisigande.

Kasi ya kusukuma pia ina neno lake. Ukisukuma polepole, asidi huisha nguvu mdomoni mwa ufa. Ukisukuma kwa kasi ya kutosha, huchimba vijia ambavyo hubaki wazi hata kuta zikibanwa. Ndiyo maana mwamba wa Eagle Ford, Texas, wenye kalsaiti tele, hauwezi kutibiwa sawa na ule wa Marcellus wenye mfinyanzi mwingi.

Huko Menengai, ambako GDC, kampuni ya serikali ya Kenya ya jotoardhi, ilianza kuchoronga visima vya mvuke mwaka 2011, hakuna mwamba tope, ila kemia ni ileile. Katika miamba ya volkeno kama hiyo, kizibo cha silika au mfinyanzi huhitaji asidi ya haidrofloriki. Mchanganyiko uliozoeleka ni asilimia 12 ya haidrokloriki na 3 ya haidrofloriki. Haidrokloriki peke yake hutangulia kuondoa kalsaiti, la sivyo floridi hushikana na kalsiamu na kuzaa kizibo kipya. Kisima nacho hupozwa kwanza kwa maji baridi, na asidi hutiwa dawa ya kuzuia kutu, kwa kuwa katika joto la zaidi ya nyuzi 300 ingeanza kuyala mabomba ya chuma kabla ya kuufikia mwamba.