Kichocheo kilichomo ndani ya makaa ya mawe

Watu wakiniletea vipimo vya makaa ya mawe hukimbilia asilimia ya majivu, kana kwamba namba hiyo inatosha kueleza yatakavyogeuka gesi. Mimi huuliza kwanza majivu hayo ni ya madini gani, na yalikaa wapi kabla ya kuwa majivu.

Mvuke ukikutana na kaboni yenye joto kali, hutoka hidrojeni na monoksidi ya kaboni. Mmenyuko huu humeza joto, takriban kilojuli 131 kwa kila moli ya kaboni, na kwenye nyuzi 700 za Selsiasi hujikokota. Potasiamu iliyomo ndani ya makaa huuharakisha: ni kichocheo. Ikiwa imeshikamana na uso wa kaboni, hupokonya oksijeni kutoka kwa maji na kuikabidhi kaboni ya jirani, nayo huondoka kama monoksidi. Ni kazi ya kuli: hutua mzigo, hurudi kuchukua mwingine.

Sodiamu na kalsiamu hufanya vivyo hivyo, ila kalsiamu ina masharti. Katika lignaiti, makaa machanga, imetawanyika atomi moja moja, imefungwa kwenye vikundi vya asidi vya makaa yenyewe. Ukiiosha lignaiti kwa asidi, kalsiamu hiyo hutoka na kasi ya kugeuka gesi huporomoka. Makaa yaliyokomaa ukiyaosha hivyo, mara nyingi huoni tofauti kubwa, hata kama yalikuwa na chokaa yenye kalsiamu: vipande vya chokaa hugusana na kaboni kidogo mno. Hata kalsiamu iliyotawanyika vizuri, ikikaa kwenye joto hujikusanya kuwa punje za oksidi na kulegea.

Chuma ni kigeugeu. Kikiwa metali huchapa kazi, kikishikwa na salfa hulala. Na chuma cha makaa mara nyingi huja kama pairiti, madini ya chuma na salfa, yaani pamoja na salfa yake.

Mharibifu mkubwa, kwa maoni yangu, ni kaolini, udongo mweupe wa mfinyanzi unaopatikana ndani ya makaa. Huinasa potasiamu na kuunda madini yasiyoyeyuka majini. Exxon, kampuni ya mafuta ya Marekani, waliojaribu kabonati ya potasiamu kama kichocheo miaka ya 1970 ili kupata methani kwenye nyuzi 700 hivi, walilikuta tatizo hilo: sehemu ya kichocheo ilirudishwa kwa kuosha masalia kwa maji, lakini iliyonaswa na udongo haikutoka.

Kwenye matanuri yanayopuliza unga wa makaa na oksijeni kwa zaidi ya nyuzi 1300, kaboni huisha haraka bila msaada wowote. Huko kalsiamu naitafutia kazi nyingine: kushusha joto la kuyeyuka kwa majivu, yatiririke nje badala ya kuziba tundu la chini.