Data ya pamoja si ya wataalamu peke yao

Wengi hudhani kuchangia data ya pamoja, yaani taarifa zinazokusanywa na watu wengi kwa matumizi ya wote, ni kazi ya wataalamu wa kompyuta. Sivyo. Chukua OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuihariri, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Picha ya setilaiti huonyesha paa, basi. Kwamba chini yake kuna zahanati, na kwamba daraja la jirani halipitiki mvua ikinyesha, hayo anayajua mkazi. Hata aliye mbali ana la kuchangia: tetemeko lilipoipiga Haiti mwaka 2010, watu wa kujitolea, wengi wakiwa mbali na nchi hiyo, walichora kwenye ramani hiyo barabara za Port-au-Prince, mji mkuu wake.

Na ukikosea? Kila badiliko huwekewa kumbukumbu, hivyo mwingine anaweza kulirekebisha. Kinachofukuza watu hasa, kwa maoni yangu, ni mchangiaji mpya kufutiwa mchango wake bila hata kuelezwa sababu.