Je, wajua kwa nini chura wa Kihansi alikaukiwa jirani na bwawa?

Juu ya korongo la Kihansi, milima ya Udzungwa nchini Tanzania, kuna bwawa la kufulia umeme. Ndiyo maana wengi huuliza: huyu chura alikosa maji gani? Si angehamia bwawani tu?

Asingeweza. Chura wa Kihansi haishi majini, na hata kuzaa hahitaji dimbwi. Jike hatagi mayai. Hatua ya kiluwiluwi huishia tumboni mwake, na anachozaa ni vyura kamili wa milimita 5 hivi, wa kijivu kilichokolea. Mama mwenyewe ni wa njano na hafiki sentimita 3! Kwa hiyo bwawa hata lijae vipi, kwake halina faida.

Anachotegemea ni manyunyu. Mwaga ndoo ya maji kutoka ghorofani: yakigonga sakafu hupasuka, matone hutapakaa na kaupepo chenye unyevu hukupiga miguuni. Maji yaleyale ukiyatiririsha taratibu ukutani, sakafu italowa lakini hewa itabaki kavu. Maporomoko ya Kihansi yalikuwa ndoo isiyokauka. Masika na kiangazi, usiku na mchana, yalilowesha majani na kuvumwani za miambani, yakaipoza hewa. Sehemu hiyo ni kama hekta 2 tu, na chura huyu hajawahi kuonekana porini mahali pengine popote duniani.

Watafiti walimkuta mwaka 1996. Mwaka 2000 mitambo ilikuwa inafanya kazi, na takribani asilimia 90 ya maji ilipitishwa kwenye handaki. Maji bado yalifika bondeni. Kilichoondolewa ni lile anguko.

Zikawekwa bomba za kunyunyizia maji, vyura wakaongezeka, kisha mwaka 2003 wakaisha ghafla. Lawama kubwa iko kwa ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi, ingawa wapo wataalamu wanaotaja pia dawa za mashambani zilizoshuka na mto. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini.

Bahati nzuri, vyura 499 walikuwa wamepelekwa Marekani mwishoni mwa 2000, na wakazaliana katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Baadhi ya uzao wao ulirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 maelfu wakaachiwa tena korongoni, chini ya manyunyu ya bomba.