Mkoma Haukukatwa Kichwa

Wiki hii nimeitwa tena Likoni kutazama mnazi uliokatwa shaha, yaani moyo laini wa kileleni. Mwenye shamba akanionyesha kigogo kwa matumaini: "Mwalimu, huu si utatoa vichwa viwili kama mkoma?"

Hautatoa. Umekufa, hata kama makuti ya chini bado ni ya kijani.

Hadithi hii naisikia Mombasa nzima, kwamba mikoma, miti ya jamii ya mnazi, ina vichwa vingi kwa sababu zamani ilipigwa panga au radi. Imenichosha kwa kuwa inaua minazi.

Mnazi una jicho moja tu la kurefusha shina, nalo limo ndani ya shaha. Kwapani mwa kila kuti mna jicho jingine, lakini hilo huwa karara, yaani kifuko cha maua. Ndilo linalompa mgema tembo. La akiba la kutoa tawi hakuna. Mvumo, mti mwingine wa jamii hiyo, ni vivyo hivyo. Mkindu ni jamaa yao, ila macho yake ya karibu na udongo hutoa machipukizi na ya juu hutoa maua, ndiyo maana unasimama kichaka. Na kichaka kilichotoka kwenye mche mmoja ni dume chote au jike chote, kwa hiyo usingoje kindu kwenye dume.

Sasa mkoma. Ule mrefu hautoi tawi ubavuni kamwe. Jicho la kileleni lenyewe, likiwa zima na halijaguswa na mtu, hugawanyika mawili, na kila nusu ikaendelea kuwa kichwa kamili, kisha nayo ikagawanyika tena. Simama chini yake utazame kwenye panda: mikono miwili ina unene karibu sawa, huwezi kusema upi mama na upi mwana. Tena unaye ndugu yake mfupi wa pwani, ambaye macho yake huchipua chini, na mashina yake hutoka mafungu na mara nyingi hulala. Miche michanga ya hawa wawili bado hunibabaisha, nangoja ikue.

Ninalokiri kwa shingo upande ni kwamba mnazi wa vichwa viwili upo, kwa nadra sana, na jeraha la shaha huweza kuwa sababu. Lakini kujeruhiwa si kukatwa. Shaha ikishaondolewa, hakuna kilichobaki cha kugawanyika.

Nilimwambia apande mche mwingine, na kigogo akiondoe upesi: kikioza, chonga, wale mbawakawa wenye pembe, watazalia humo na kuhamia minazi iliyo hai.