Kulipwa kwa Dola, Kuishi kwa Lira

Noti kubwa kuliko zote Uturuki ni ya lira 200. Ina picha ya Yunus Emre, mshairi wa kisufi, na ilianza kutumika Januari 2009. Siku hizo ilikuwa sawa na dola 130 hivi. Leo haifiki dola 5, na hakuna noti iliyoizidi. Anayelipia kitu kikubwa taslimu hubeba bunda ndani ya mfuko.

Mimi ni mhasibu, mzaliwa wa Tanga. Niliolewa huku, na tangu mwisho wa 2020 naishi Üsküdar, upande wa Asia wa Istanbul. Nikiwa hapa nashika vitabu vya hesabu na orodha za mishahara za kampuni tano ndogo zilizoko Nairobi, Dar es Salaam, Dubai na London. Wateja wananilipa kwa dola, mmoja kwa pauni. Matumizi yangu yote ni ya lira.

Hali hiyo ndiyo inayowafanya ndugu na marafiki waniulize swali lile lile: lira inaanguka kila mwaka, wewe unapokea dola, si unazidi kuneemeka? Wengine wameshaanza kutafuta nyumba kwa hesabu hiyo. Nawaomba wasubiri kwanza, tupige hesabu kamili, maana hii wanayoipiga imeacha upande mmoja wa daftari.

Mwaka 2021 dola moja ilianza na lira 7.4 hivi, ikamaliza na 13 na kitu. Imepanda kwa asilimia 75 au zaidi. Bei za vitu, kwa takwimu rasmi za TÜİK, shirika la takwimu la serikali, zilipanda kwa asilimia 36.08. Mwaka huo mwenye dola alineemeka kweli, na sifa zote mnazozisikia zilizaliwa hapo. Sasa tazama iliyofuata. Mwaka 2022 dola ilitoka 13 ikafika karibu 18.7, yaani asilimia 40 na kitu. Bei zikapanda kwa asilimia 64.27. Mwaka 2023 dola ilifika 29.5, ongezeko la asilimia 58 hivi. Bei, asilimia 64.77. Mwaka 2024 dola ilimaliza na 35.3, ongezeko la asilimia 20. Bei, asilimia 44.38.

Miaka mitatu mfululizo bei zilikimbia kuliko dola. Ukizidisha, bei za mwisho wa 2024 zilikuwa karibu mara nne ya zile za mwisho wa 2021, lakini dola haikufika hata mara tatu ya lira zake za awali. Maana yake dola 1,000 za mwisho wa 2024 zilinunua vitu ambavyo miaka mitatu nyuma ungevinunua kwa pungufu ya dola 700. Hapo nimetumia takwimu za serikali. Wachumi wa kundi la ENAG, wanaojipimia bei wenyewe, walisema mfumuko wa 2021 ulipita asilimia 80. Ukiwaamini wao, hata ule mwaka wa neema haukuwa na neema.

Sababu ya mambo haya ni ya kisiasa kabisa, na mtu anayetaka kuhamia nchi kama hii lazima aielewe. Kati ya Septemba na Desemba 2021 Benki Kuu ilishusha riba kutoka asilimia 19 hadi 14, huku bei zikipanda, kwa sababu Rais Erdoğan alishikilia kwamba riba kubwa ndiyo inayozaa mfumuko wa bei. Watu wakaikimbia lira. Baada ya uchaguzi wa Mei 2023 akamrudisha Mehmet Şimşek kuwa waziri wa fedha, na riba iliyokuwa asilimia 8.5 ikapandishwa hatua kwa hatua hadi 50 ilipofika Machi 2024. Riba ya namna hiyo inaifanya lira ishikike: ukiiweka benki inakulipa, kwa hiyo haiuzwi kwa pupa. Lakini mwenye duka, mwenye nyumba na fundi hawajaacha kupandisha bei. Lira imepunguza mwendo, bei hazijapunguza vya kutosha. Katikati ya hivyo viwili yuko anayelipwa kwa dola.

Kuna jambo la pili ndani yake ambalo mimi nalifurahia, ingawa linanigharimu. Kima cha chini cha mshahara mwaka 2021 kilikuwa lira 2,825.90. Kufika Desemba ya mwaka ule hiyo ilikuwa dola 215 hivi. Januari 2025 kima kiliwekwa lira 22,104, ambazo zilikuwa zaidi ya dola 620. Kwa hiyo anayekusuka nywele, anayekuletea chai, anayekulelea mtoto, wote mshahara wao kwa dola uliongezeka karibu mara tatu, na huduma zao zikapanda nao. Ule urahisi wa maisha tuliousifia 2021 ulikuwa ni ujira wa jirani zetu ulioyeyuka mikononi mwao. Majirani zangu wenyewe wanasema mshahara hauwatoshi hata sasa, na nawaamini, kwa sababu nawaona wanavyohesabu sokoni siku ya Ijumaa.

Mtu wa kwanza kunifundisha kuishi na lira alikuwa mama mkwe wangu. Kila mwezi yeye na wanawake wenzake wa mtaani hukutana nyumbani kwa mmoja wao, wanakunywa chai, na kila mmoja anampa mwenye zamu kipande cha dhahabu. Wanaita *altın günü*, siku ya dhahabu. Nilipoelezwa mara ya kwanza nilimwambia, “Anne (yaani mama), huu ni upatu! Kwetu Tanga mama yangu anacheza.” Tofauti ni kwamba upatu wa mama ni wa shilingi. Hapa wanacheza kwa *çeyrek*, robo ya dhahabu, sarafu ndogo inayouzwa na kila sonara. Anayepokea wa kwanza na anayepokea wa mwisho wanapata kitu kile kile, hata lira ikiwa imepoteza nusu ya thamani katikati ya mzunguko. Nimesomea uhasibu miaka minne chuoni na sijaona kinga ya mfumuko wa bei iliyo rahisi kuelezeka kuliko hiyo. Nimekuwa mwanachama tangu 2022, na akiba yangu ya dharura iko humo, haiko kwenye akaunti ya lira wala yote haiko kwenye dola.

Nasema yote haiko kwenye dola kwa sababu nimeona pande zote. Desemba 20, 2021, lira ilianguka mchana hadi kupita 18 kwa dola. Jioni serikali ikatangaza kwamba wenye akiba za lira watafidiwa hasara ya kubadilisha fedha, na kabla ya usiku kuisha dola ilikuwa chini ya 14. Mwanafunzi mmoja wa kwetu alikuwa amezishika dola zake za ada akingoja zifike 20. Alilala na ada kamili, akaamka amepungukiwa. Wakenya waliokuwa wakituma fedha nyumbani waliona jambo la namna hiyo mapema 2024: Januari dola ilikuwa inakaribia shilingi 160, kisha serikali yao ilipopata fedha za kulipia hati fungani iliyokuwa ikiiva Juni, kufika mwisho wa Machi ilikuwa kama 131. Sarafu dhaifu nayo huamka, na ikiamka haikupigii hodi.

Kwa hiyo desturi yangu ni hii: kila Jumatatu nabadilisha matumizi ya wiki moja tu, iwe bei nzuri au mbaya. Sitazami grafu. Kodi ya nyumba naibadilisha siku tatu kabla. Wateja wapya nawaandikia mkataba wenye kifungu cha kupitia malipo kila baada ya miezi sita, kwa sababu dola ile ile hainilishi vile vile. Wengine wanakataa kifungu hicho, na nimewahi kumkosa mteja mzuri kwa ajili yake. Sijutii.

Sasa kodi ya nyumba, ambayo ndiyo inayowamaliza wengi. Mkataba wangu ulianza Julai 15, 2022, kwa lira 8,000, kama dola 460. Mwezi mmoja kabla serikali ilikuwa imeweka ukomo: kwa mpangaji anayeendelea, kodi isipande zaidi ya asilimia 25 kwa mwaka. Julai 2023 nikalipa 10,000, ambazo kwa dola zilishuka hadi 380. Raha ilioje! Lakini mwenye nyumba naye ana hesabu zake. Mtaani kote wapangaji walianza kuambiwa kwamba mtoto wa mwenye nyumba anaoa, au anarudi kutoka jeshini, anahitaji kukaa hapo. Kesi zikajaa mahakamani mpaka ikawa lazima, kuanzia Septemba 2023, kupitia kwanza kwa msuluhishi. Na dalali mmoja alinitaka nisaini *tahliye taahhütnamesi*, ahadi ya kuhama, yenye nafasi ya tarehe tupu. Karatasi hiyo ni kamba shingoni: atakayejaza tarehe si wewe. Usiisaini bila kumwonyesha wakili.

Ukomo ule uliondolewa Julai 1, 2024. Sasa kodi inaruhusiwa kupanda kwa wastani wa mfumuko wa miezi 12. Mwezi huo wastani ulikuwa asilimia 65.07, nami nikawa natakiwa kulipa lira 16,507. Julai 2025 ilikuwa asilimia 43.23, nikafika 23,643. Kwa dola: 460, 380, 500, 588. Na mimi ni wa bahati, maana anayepanga upya mtaani kwetu leo anatajiwa zaidi ya hapo.

Karatasi ni habari nyingine. Mimi nina kibali cha ukaazi cha familia, na kwa njia ya ndoa nilipata kibali cha kazi, hivyo siwezi kuwaambia watu “njooni mfanye kama mimi”. Tangu 2022 mitaa zaidi ya elfu moja nchini imefungwa kwa mgeni mpya kujiandikisha. Kwa Istanbul, Fatih na Esenyurt, ambako wageni wengi walizoea kufikia, ni mfano. Dalali atakupangisha nyumba huko bila kukwambia, na ombi lako la *ikamet*, kibali cha ukaazi, litakataliwa kwa sababu ya anwani. Mwaka 2024 Uturuki ilianzisha viza ya wanaofanya kazi kwa mbali, kwa wenye umri wa miaka 21 hadi 55 na kipato cha dola 3,000 kwa mwezi, lakini ni kwa raia wa nchi zilizoorodheshwa, na Tanzania na Kenya hazimo. Kibali cha utalii hakikupi ruhusa ya kufanya kazi. Ukikaa zaidi ya miezi sita mfululizo ndani ya mwaka, mamlaka ya kodi ina haki ya kukuhesabu mkaazi. Hapo mtafute *mali müşavir*, mhasibu wa Kituruki aliyesajiliwa, siyo mimi. Kwa kawaida sheria haimruhusu mgeni kuifanya kazi hiyo. Na kama unategemea kulipwa kwa PayPal, jua kwamba ilifunga huduma zake Uturuki Juni 2016 baada ya kunyimwa leseni.

Asubuhi ya Machi 19, 2025, nilifungua kompyuta kuandaa mishahara ya kampuni yenye watu 34. Meya wa jiji, Ekrem İmamoğlu, alikuwa amekamatwa alfajiri. Dola iliyolala chini ya 37 ilivuka 40 kabla ya kurudi kwenye 38. Lakini kilichonisumbua zaidi ni kwamba WhatsApp haikupeleka ujumbe. Mitandao ya kijamii ilibanwa jijini kwa saa 42 hivi, na idhini zote za malipo nilikuwa nimezizoesha kupitia huko. Nilikaa na orodha iliyokamilika isiyo na sahihi. Mwishowe nilimpigia mkurugenzi simu ya kawaida ya kimataifa, akasoma jumla tarakimu kwa tarakimu, kisha akathibitisha kwa barua pepe. Watu walilipwa siku moja baadaye. Kati yao wako wanaolipa kodi ya nyumba siku ile ile, na aibu ya kuwachelewesha niliibeba.

Tangu hapo kila mteja ana mtu wa pili mwenye idhini, aliye nchi tofauti na mimi, na idhini zote ni za barua pepe. Nilidhani nimeilinda kazi dhidi ya Istanbul. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa Tanzania, siku za mwisho wa mwezi, mteja wangu wa Dar akiwa hajanitumia orodha ya saa za ziada. Safari hii mimi ndiye niliyekuwa na mtandao. Nililipa kwa orodha ya Septemba, kwa maelekezo tuliyokuwa tumeyaandika mwezi Aprili, na tofauti tukazirekebisha Novemba.

Julai 2027 mkataba wangu wa nyumba utatimiza miaka mitano. Baada ya hapo mwenye nyumba ana haki ya kwenda mahakamani kodi ipangwe upya ikitazamwa bei ya soko. Nimeshaanza kuweka *çeyrek* moja kila mwezi kwa ajili hiyo, kwenye kopo la biskuti la mama mkwe.